Mjomba wa Kufunga Vidole

Jumamosi, 11 Oktoba 2003

Mvua bado. Mahindi na mbaazi tumepanda kwenye vumbi, kama kila mwaka, na sasa kila mtu Mitaboni anatembea akiangalia juu.

Dada yangu Syombua amekuja leo kutoka mjini na binti yake, Mwelu. Nilijua kuna jambo, kwa sababu alileta sukari na hakuanza kunilaumu kwa lolote. Walikunywa chai. Mwelu akamsaidia mke wangu, Katunge, kuosha vikombe, kisha akarudi akakaa mbele yangu, mikono mapajani, kama shahidi anayengoja kuapishwa. Hao nawajua. Nilikuwa karani wa mahakama mpaka nilipostaafu, na maisha yangu yote nimeandika maneno ya watu bila kuulizwa mimi naonaje. Nimezoea hivyo na sioni ubaya wake.

"Mjomba," akasema, "ile harusi ya kina Asanka, tunaomba tuifanyie hapa kwako."

Asanka ni yule kijana wa Sri Lanka, fundi wa mashine za kushona katika kiwanda kimoja cha nguo huko Athi River, ambako Mwelu hukagua mashati. Kwetu ameshamaliza. Mwezi wa nane alileta mbuzi wa ntheo, na mbuzi wa ntheo wakishaliwa, kwa Mkamba msichana ameolewa, yanayobaki ni sherehe. Yeye ni Mbudha na nyama hali. Mbuzi walipochinjwa alienda akasimama nyuma ya choo mpaka kazi ikaisha, kisha akarudi akawasalimia wazee mmoja mmoja. Wazee walimcheka, lakini walikubali kwamba mbuzi walikuwa wanono. Sasa ni zamu ya mila ya kwao, na mama yake atapanda ndege aje kuiona.

"Kwa nini hapa kwangu?"

"Mwaitu," akasema, akimtazama mama yake, "anakaa nyumba ya kupanga, hana uwanja. Halafu kwao, ndugu ya mama ya bibi arusi ndiye hufunga vidole vya bwana na bibi kwa uzi. Si baba, si mzee mwingine. Mjomba."

"Mimi si mtu wa harusi."

"Ya kwako ulienda," Katunge akasema kutoka mlangoni.

Nilikubali. Reuben, baba yake Mwelu, alifariki msichana akiwa darasa la saba, na tangu hapo mimi ndiye niliyekuwa nikienda shuleni mzazi akiitwa. Syombua hana mtoto mwingine. Mkataba wa Asanka kiwandani unaisha Januari, na wataenda kuishi kwao, kwa mama yake. Hilo Syombua hakulitaja hata mara moja. Alikuwa akikoroga chai ambayo alikuwa ameshaimaliza.

Jumanne, 14 Oktoba

Mawingu yalijaa upande wa Ndithini, yakakaa, yakaenda. Hakuna la kuandika.

Jumapili, 19 Oktoba

Asanka alikuja kunifundisha. Kiswahili chake amekiokota kiwandani, kwa hivyo kimejaa amri.

"Mjomba, hapana ogopa. Simama hapa. Ngoja. Bado. Sasa!"

Alichora mstatili kwenye vumbi. Hiyo ni poruwa, jukwaa dogo la mbao lenye nguzo nne na paa la maua, nalo ndilo harusi yenyewe. Maharusi wanapanda kwa mguu wa kulia. Wanapeana majani ya tambuu na kuwapa jamaa. Kuna mtu wa kusoma maombi kwa kuimba, na wasichana waliovaa nyeupe wa kuimba baraka. Halafu naingia mimi: nafunga vidole vyao vidogo pamoja kwa uzi wa dhahabu, namwaga maji juu yake kwa birika, polepole, yasikatike. Baadaye bwana arusi anampa bibi arusi kitambaa cheupe, naye anampa mama yake, shukrani ya maziwa aliyonyonya. Wakishuka, nazi inapasuliwa kwa panga. Taa ya mafuta inawashwa. Wanalishana wali wa nazi uliokatwa vipande.

Tulifanya mazoezi kwa uzi wa kushonea magunia. Katunge alijitolea kuwa bibi arusi, akampa Asanka kidole, akanitazama na kusema, "Funga vizuri, mzee. Huyu nimempenda." Alicheka mpaka akakaa chini.

Jambo la pili ni saa. Mnajimu wao huko nyumbani ameangalia nyota za hao wawili na kusema wapande Alhamisi, tarehe 11 Desemba, saa nne na dakika kumi na mbili asubuhi.

"Alhamisi!" nikasema. "Nani anaoa Alhamisi? Ijumaa yake ni Jamhuri, watu wote wako nyumbani. Mwambie asogeze siku moja."

"Haiwezi sogea, Mjomba. Saa nzuri ikipita, imepita."

Nilimwambia basi kadi ziandikwe saa mbili. Nawajua watu wangu.

Jumatatu, 20 Oktoba

Imenyesha. Katunge ametoa sufuria zote nje.

Jumamosi, 1 Novemba

Kamati ya harusi ilikutana hapa. Nilipewa uenyekiti kwa sababu viti ni vyangu.

Mambo yalikwenda. Ndoa ya serikali itafanywa ofisi ya DC Jumatano, siku moja kabla. Wasichana wa kwaya wataimba mahali pa zile baraka, na Asanka anasema baraka ni baraka. Wapiga ngoma wa kwao hawapatikani, lakini alipowasikia vijana wetu wakijaribu ngoma za kwetu pale sokoni alisema wanatosha na kubaki. Bwana Gunapala, fundi mwenzake mwenye umri, ndiye atakayesoma maombi na kushika saa. Tambuu itanunuliwa kwa Wahindi Nairobi.

Mwishoni Syombua akasimama. 

"Mimi niko na jambo moja tu. Siku hiyo nataka viti viwili mbele, changu na cha mama yake Asanka, bega kwa bega. Nimwone, anione. Mtoto wangu anaenda kuishi na huyo mama, bahari katikati. Nataka kila mtu ashuhudie akimpokea."

"Hakuna shida, mama," Asanka akajibu kabla hajamaliza.

Mahakamani niliwaona wengi waliojibu kabla swali halijaisha. Niliandika tu kwamba limekubaliwa.

Ijumaa, 7 Novemba

Palizi. Mgongo.

Jumamosi, 15 Novemba

Fundi Maundu amemaliza poruwa. Yeye hutengeneza vitanda na majeneza, na nilipoiona niliona amechanganya ujuzi wa kazi zote mbili. Nilimwambia aondoe vile vishikio vya pembeni.

"Vya kubebea, mzee."

"Watapanda kwa miguu yao, Maundu."

Ameviondoa akinung'unika. Mvua kila siku, na barabara imeharibika kutoka sokoni mpaka kwangu.

Jumapili, 23 Novemba

Mama yake Asanka amefika. Anaitwa Kusuma. Ni mwanamke mdogo, mkavu, amevaa nyeupe tupu kuanzia begani mpaka miguuni. Katunge alimhurumia kwa lile tope letu na kumpa gambuti zake za mpira. Alizivaa bila aibu na kutembea nazo shamba zima, akishika majani ya mbaazi na kumuuliza mwanawe majina yake.

Nilitarajia mama wa kujivuna. Sikumpata. Alipomwona Mwelu alimshika mashavu yote mawili. Alipomwona Syombua alikutanisha viganja kifuani na kuinama, kisha akatoa kwenye mfuko wake boksi la chai ya kwao. Syombua akatoa kiondo alichokisuka mwenyewe. Walikaa pamoja mchana kutwa wakimenya njegere, hakuna anayejua lugha ya mwenzake, na waliongea wote wawili bila kukoma.

"Huyu mama ni mtu," Syombua aliniambia akiondoka. Sijamwona na uso ule tangu Reuben afe.

Jumatano, 26 Novemba

Mvua. Ng'ombe amezaa dume.

Jumamosi, 29 Novemba

Imeharibika.

Leo yalikuwa mazoezi kamili. Poruwa chini ya turubai, wasichana wa kwaya wamepangwa, Gunapala na saa yake, Mwelu na Asanka wamevaa nguo za kawaida. Kusuma alikuwa kila mahali. Alisahihisha jinsi nilivyoshika birika. Alionyesha tambuu ielekezwe wapi na mchele uwekwe wapi chini ya mkeka wa poruwa. Nikaona wazi kwamba hakuna anayeijua kazi hii kama yeye.

Kisha Gunapala akasema tuwashe taa, jamaa wakae mahali pao. Syombua akaenda kwenye kiti chake na kupigapiga kile cha pembeni. Nikageuka kumtafuta Kusuma. Hayupo. Tulimkuta jikoni kwa Katunge, amekaa kwenye kigoda, anachambua maharagwe. Aliitwa. Akatikisa kichwa na kutabasamu. Aliitwa tena na mwanawe, kwa lugha yao. Akatikisa kichwa, safari hii bila tabasamu.

Tukaendelea bila yeye. Tulipofika kwenye kile kitambaa cheupe, Syombua alisogea na kuweka mkono juu ya nguzo ya poruwa. Kusuma alikuwa amechungulia mlangoni mwa jikoni. Aliona ule mkono kwenye nguzo, akashtuka, akamwita Asanka pembeni na kumwambia maneno mengi ya haraka, akionyesha kwa macho. Sote tulimwona. Syombua alimwona kuliko wote.

Hakupiga kelele. Ingekuwa afadhali.

"Nimegusa, nimechafua," akasema. "Haya."

"Mama, si hivyo," Asanka akasema.

"Ni vipi basi? Niambie."

Yule kijana alisema mama yake amechoka na safari. Wiki nzima baada ya safari!

Syombua alichukua mwavuli wake. "Batho, wewe ndiye mwenyekiti, andika. Chai alikunywa na mimi, njegere alimenya na mimi, lakini mbele ya watu hawezi kukaa na mimi. Hapa kwetu ananifanyia hivi, huko kwao atamfanyia mtoto wangu nini, na nani atakuja kuniambia? Asipokaa kwa hicho kiti, mimi sitakuwa hapo. Mwelu ni mtu mzima, aende akitaka. Lakini hatatoka mkononi mwangu."

Mwelu alimfuata mpaka barabarani bila viatu. Alirudi peke yake.

Jumapili, 30 Novemba

Sikuenda misa. Mvua.

Jumanne, 2 Desemba

Asanka alikuja peke yake jioni, amelowa chepechepe. Nilimwambia akae. Alikataa. Nikamwambia kwa sauti ya mahakamani, akakaa.

"Mama yangu ni mjane," akasema.

"Najua. Syombua pia ni mjane."

"Ndiyo, Mjomba. Hiyo ndiyo shida."

Ilitoka polepole, kwa Kiswahili chake cha amri. Kwao, hasa kijijini kwa kina mama yake, mwanamke aliyefiwa na mume hasogelei mambo ya heri. Hawashi taa ya harusi. Hagusi poruwa. Anaweza kupika, kupanga, kufundisha wengine, lakini saa nzuri ikifika anakaa nyuma, asije akawaambukiza maharusi yaliyompata yeye. Hakuna anayemfukuza. Huondoka mwenyewe, kwa mapenzi. Si wote kwao wanaoifuata siku hizi, alisema, lakini mama yake anaifuata, na hakuna wa kumbadilisha. Dada yake Asanka alipoolewa, mama aliangalia yote kwa dirisha la jikoni.

"Na siku ile ya kamati ulisema hakuna shida."

"Nilifikiri nitamwomba, atakubali. Na Mama Mwelu, mimi namwambia nini? Mama, wewe ni bahati mbaya, kaa jikoni siku ya mtoto wako? Mjomba, mimi nilishindwa."

Nilimkasirikia sana, kisha nikakosa pa kuiweka ile hasira. Mwanamke wa watu amejificha jikoni kwa kumpenda mtoto wetu, na sisi tumemhesabia dharau. Alishtuka kuona ule mkono kwenye nguzo kwa sababu alimhofia Mwelu. Na hilo haliwezi kusemwa kwa Syombua bila kumwambia kwamba yeye mwenyewe ni mkosi.

"Mjomba utamwambia," Asanka akasema. Haikuwa swali.

Mimi nimewekwa hapa kufunga vidole tu.

Jumatano, 3 Desemba

Nilikuwa niende mjini. Mvua ilikuwa nyingi.

Alhamisi, 4 Desemba

Mvua haikuwapo. Sikuenda.

Ijumaa, 5 Desemba

Katunge ameniuliza kama nangoja Syombua ayaote usingizini. Ametoa koti langu na kuliweka kwenye kiti cha mlangoni.

Jumamosi, 6 Desemba

Nilimkuta Syombua kibandani kwake sokoni mjini anakoshona sare za shule. Hakuacha kukanyaga mashine nilipoingia. Nilimweleza vibaya, nikianza katikati, mpaka ikabidi nirudie.

Aliposikia neno mjane alisimamisha mashine.

"Kwa hivyo mimi ni mkosi."

"Si wewe. Ni wajane wote."

"Ahaa! Asante. Sasa nimepoa." Alikunja ile sketi aliyokuwa akishona, akaikunjua, akaikunja tena. "Reuben alilala kitandani miezi na miezi, Batho. Mimi ndiye nilikuwa namgeuza. Mimi ndiye nilikuwa namlisha kwa kijiko. Nimelea huyu mtoto na hii mashine. Kanisani wajane tunakaa mbele, mchungaji anatusalimia kwanza. Leo nasikia nikigusa mbao ya Maundu, ndoa ya mtoto wangu inaoza."

"Ni mila yao. Hawasemi kwa ubaya."

"Wewe usinitetee watu. Umetetea watu lini wewe? Wewe ni wa kuandika."

Ilinichoma, kwa sababu ni kweli.

"Na akifiwa huko?" akauliza. "Mwelu. Watamweka jikoni?"

Nilimwambia sijui. Alilia, lakini kwa muda mfupi, akijifuta na kile kitambaa cha sare, na nilisimama pale kama mlingoti wa bendera nisijue nishike nini. Ni dada yangu na sijawahi kumwona akilia, hata mazishini.

Kisha akauliza kwa sauti nyingine, "Na yeye? Anakaa jikoni kwa harusi za watoto wake wote?"

"Ya binti yake aliiangalia kwa dirisha."

"Bwana yake alikufa lini?"

"Asanka alikuwa bado hajaanza shule."

Mteja alikuja kuuliza sare ya darasa la tatu, akamhudumia vizuri, akamwambia mtoto atanenepa achukue kubwa kidogo. Alipoondoka, Syombua akavuta kiti chake kwa mashine.

"Nenda nyumbani, Batho. Niko na kazi."

"Utakuja?"

"Nimesema niko na kazi."

Jumatatu, 8 Desemba

Mwelu amekuja kupima viatu kwenye poruwa, au hivyo alisema. Alikaa kwenye ukingo wake akitikisa miguu.

"Mwaitu asipokuja, mimi sipandi."

"Ile saa je?"

"Ipite."

"Na tiketi za ndege? Na huyo kijana?"

"Asanka anajua, nimemwambia. Mjomba, mimi nitaishi mahali sijui hata kuomba chumvi. Nikienda hivi, nimeachwa na mama yangu, nitakaa huko na nini?" Alinitazama. "Wewe unaonaje?"

Hakuna aliyeniuliza hivyo kwa miaka mingi. Nilimwambia naona mama yake ni mkaidi, na mama mkwe wake ni mkaidi, na yeye amepata wazazi wawili wa aina moja. Alicheka kidogo. Usoni alikuwa amekonda.

Jumatano, 10 Desemba

DC amewaandikisha. Syombua alitia sahihi ya shahidi na kupanda gari la kurudi kwake bila kula. Kesho sijui.

Alhamisi, 11 Desemba

Naandika jioni, nikiwa bado na suti.

Kulikucha na jua, tope likiwa la jana. Wageni walianza kufika saa tatu kwa mwaliko wa saa mbili, nami nikajipongeza. Poruwa ilipendeza, siwezi kukataa: Katunge na wanawake wa jumuiya waliifunika kwa maua ya bogenvilia na majani ya migomba, na Maundu alisimama karibu nayo akipokea sifa za kila mtu. Asanka alikuja na ngoma zetu mbele, amevaa vazi la kifalme la kwao, jekundu na dhahabu, na kofia ya pembe nne. Watoto walimfuata wakipiga vigelegele. Mwelu alitoka nyumbani amevaa sari nyeupe na dhahabu kichwani. Sikumtambua, halafu nikamtambua.

Syombua alikuja. Nilimwona akiingia getini na vitenge vyake vya kanisa, hasalimii mtu, akaenda moja kwa moja kwenye kiti chake mbele na kukaa. Kiti cha pembeni kilikuwa kitupu. Kusuma alikuwa jikoni. Moshi ulikuwa unatoka, na nyeupe yake ilionekana mlangoni mara kwa mara.

Saa nne ikapita. Gunapala alianza kuimba maombi. Asanka alikuwa chini, kando ya poruwa, upande mmoja, na Mwelu upande mwingine, macho yake yote kwa mama yake. Gunapala aliangalia saa na kuninyooshea vidole vya mkono mmoja: dakika tano.

Syombua akasimama.

Alikitazama kile kiti kitupu. Kisha akageuka na kutembea, akapita kati ya wageni, akielekea getini. Watu wakaanza kunong'ona. Mwelu alifunika mdomo kwa mkono. Lakini hapo kwenye tangi la maji Syombua hakuendelea na njia ya getini. Alikata kulia akaingia jikoni.

Yaliyotokea ndani ameniambia Katunge, aliyekuwa akigeuza wali wa nazi. Syombua alitafuta kigoda, akakivuta mpaka kando ya Kusuma, akakaa. Akachukua kisu na kitunguu. Kusuma akamwonyesha nje kwa mkono, nenda, nenda! Syombua akatikisa kichwa. "Nimefiwa kama wewe," akamwambia kwa Kikamba, kwa sababu Kiswahili na Kikamba kwa huyo mama ni sawa tu. "Ukikaa, nakaa." Akaanza kukata kitunguu.

Nje, Gunapala alinionyesha vidole viwili. Mwelu hakusogea. Asanka alimnyooshea mkono, naye akatikisa kichwa, machozi yakimharibia yale mapambo yote. Kwaya ilikuwa imesahau kuimba.

Katunge anasema Kusuma aliangalia nje kwa dirisha, akamwona msichana amesimama peke yake chini bila mama. Aliangalia kitunguu cha Syombua. Akasema kitu kwa lugha yao, kifupi na kikali, na Katunge anaapa kilikuwa tusi. Halafu akainuka, akamnyang'anya Syombua kile kisu, akamshika mkono na kumvuta.

Walitoka hivyo. Kusuma ndiye aliyekuwa mbele, anatembea haraka na gambuti za Katunge chini ya sari nyeupe, anamburuta dada yangu kwenye tope kama mtu anayechelewa basi. Walikaa. Kusuma alikuwa ameyafumba macho.

"Sasa!" Gunapala akapaza sauti.

Mwelu alipanda kwa mguu wa kulia.

Niliitwa. Uzi wa dhahabu ni mwembamba kuliko wa magunia, na vidole vyangu ni vya zamani. Nilifunga mara moja ukateleza. Asanka alinong'ona, "Polepole, Mjomba." Nikafunga tena, ukashika. Nilimwaga maji na hayakukatika. Mwelu alikuwa akinitazama, na nililia mbele ya kijiji kizima, na sikujali nani ameona. Nilimpenda huyu mtoto miaka yote hii na sikuwahi kumwambia, kwa hivyo nilimwambia pale pale, birika mkononi. Akasema, "Najua, Mjomba. Mwaga maji."

Kitambaa cheupe kilitoka kwa Asanka kikaenda kwa Mwelu, kikaenda kwa Syombua. Alikipokea kwa mikono miwili. Nazi ilipasuka kwa pigo moja. Ngoma zikalia, na hapo hata wazee waliokuwa wanangoja nyama tu waliinuka.

Alasiri, wageni wakiwa wamepungua, niliwakuta wale wanawake wawili nyuma ya jikoni wakisugua masufuria kwa majivu, ingawa kulikuwa na wasichana wengi wa kufanya hivyo. Kusuma alikuwa akilia bila sauti, na mikono haikuacha kusugua. Asanka alikuwa amechuchumaa kati yao na vazi lake la kifalme.

"Anasema nini?" Syombua akauliza.

Kijana alisita. "Anasema, siku moja kitu kibaya kikitupata, mimi na Mwelu, yeye atajua ni kwa sababu alitoka jikoni."

Syombua alisuuza sufuria, akaigeuza ikauke, akachukua nyingine.

"Mwambie asijibebeshe peke yake," akasema. "Tulitoka wawili."